Saa Nyeupe ya Mke Mwenzangu

Mwajuma alipomaliza kula alinawa mikono, akafungua pindo la kanga yake, akatoa saa ya mama yake na kuiweka juu ya mkeka mbele yangu. "Mama Mdogo," akasema, "hii marehemu alisema ni yako. Alirudia mara tatu, nisije nikampa mtu mwingine." Arobaini ya Esha, mke mwenzangu, ilikuwa imesomwa wiki ile kule Kilwa Masoko, nami sikwenda kwa sababu ya magoti haya, basi mtoto akapanda gari akaniletea mwenyewe hadi Mingoyo. Mtoto nasema, na yeye ana wajukuu. Nikaitazama saa. Uso wake mweupe kama kikombe kipya, na pembeni ile pete ya chuma inayong'aa ukiigeuza kidogo tu kwenye mwanga. Nikamtuma mjukuu wangu Nasra aniletee ya kwangu chini ya mto. Ya kwangu ni nyeusi, uso mweusi, pete nyeusi, hata mishale yake imefifia. Nikazilaza pamoja, kichwa kwa kichwa. Ya Esha kubwa. Nasra ni muuguzi, wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sare nyeupe ya kazi, na nitalisema hilo kila nikipata nafasi. Akainama, akacheka: "Bibi, hizi si ni mapacha? Zimepishana rangi tu." Nikamwambia najua. Nililijua hilo kabla mama yako hajazaliwa, na kabla sijalijua nusura niachike.

Sitaeleza nilikuwa binti wa nani wala nilisoma wapi. Darasa la nne, basi, inatosha. Niliolewa Mingoyo nina miaka kumi na tisa, mke wa pili wa Bakari, kwa hiari yangu na kwa kumtaka mwenyewe, asije mtu akanihurumia bure. Ninachotaka kueleza ni ile nyumba. Ilikuwa na ukumbi mrefu katikati, chumba cha Esha kushoto, changu kulia, milango inatazamana, kiasi kwamba ukipiga chafya kwako mwenzio anakuombea rehema kwake. Nyuma kulikuwa na jiko la makuti lenye mafiga ya pande mbili, yake na yangu, na moshi wa wote wawili ukitokea tundu moja. Bakari alinunua korosho na nazi akaziuza, na alikuwa mtu wa kumwogopa Mungu katika jambo moja kupita mengine yote, nalo ni haki baina ya wake. Mwalimu wake wa chuoni alimwambia akiwa mdogo kwamba mwenye wake wawili asiyewafanyia uadilifu atafufuliwa ameinama upande mmoja. Jambo hilo lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Akinunua kanga ni doti mbili za jina moja. Magodoro mawili, ndoo mbili, vitana viwili. Akileta samaki changu mmoja mkubwa, alimpasua kuanzia kichwani mpaka mkiani, na kila mmoja wetu akapata jicho moja. Dukani walimwita Bwana Mbilimbili. Akiingia tu, mwenye duka anauliza, "Mbilimbili, leo mbili za nini?" Naye anajibu bila kucheka, "Mbili za haki."

Esha alikuwa mtu wa Pande, mwembamba, wa maji ya kunde, mpole wa sauti na mkali wa maneno, na mikono yake haikujua kukaa bure. Akizungumza anasuka. Akiugua anasuka. Nilipoingia nyumba ile alikaa siku kumi na moja bila kunisemesha, nami sikumlaumu, maana ningekuwa yeye ningekaa mwaka. Siku ya kumi na mbili nimelala chali kitandani kwangu nikamsikia upande wa pili, "We Somoe, saa ngapi huko?" Nikashangaa. Saa hatukuwa nayo, si yeye wala mimi, na kati ya huko kwangu na huko kwake ni hatua nne. Nikatazama kivuli cha dirisha ukutani nikamjibu, "Nadhani saa tisa." Akasema, "Huku pia." Tukacheka kila mtu chumbani kwake. Ikawa ndiyo salamu yetu. Jioni yake aliniletea ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye kibakuli, imemenywa, imetiwa chumvi na nazi. Mtu akikumenyea ming'oko, vidole vyake vikawa na utomvu kwa ajili yako, huyo si adui, hata kama hajui bado.

Sasa shida ya vitu vya kufanana ni kwamba vinafanana. Zile kanga za jina moja, moja ilirukiwa na kaa la moto ikatoboka tundu kama la senti. Zikafuliwa pamoja, zikaanikwa kamba moja. Wakati wa kuanua, kila mtu akasema iliyotoboka ni ya mwenzie. Tulizozana siku mbili. Bakari akasimama uani ameshika kanga mkono huu na kanga mkono huu, anazinusa, masikini, eti amjue mwenyewe kwa harufu. "Zote zinanuka sabuni," akasema. Ndipo alipoweka nia moyoni kwamba siku nyingine atanunua vitu sawa kwa kila kitu, isipokuwa rangi. Wazo zuri kabisa. Mimi mwenyewe ningeliwaza. Na ndilo lililotuponza.

Mwaka ule korosho zilikubali. Bakari akaenda Dar es Salaam na mzigo wake, akakaa wiki mbili, akarudi na suruali mpya na mifuko imetuna. Ilikuwa baada ya alasiri, zamu si ya mtu, maana alipanga arudi siku ya kubadilisha zamu ili asiingie kwanza chumba cha yeyote. Akatuita ukumbini. Akatusimamisha, Esha mbele ya mlango wake na mimi mbele ya wangu, akatia mikono yote miwili mifukoni kwa pamoja na kuitoa kwa pamoja, kama mwizi anayejisalimisha. Mkono wa kulia ukaenda kwa Esha, wa kushoto kwangu. "Duka moja," akasema, "kiwanda kimoja, saizi moja. Nyeupe na nyeusi, msije mkagombana tena." Akakaa chini kwenye kizingiti, jasho linamtoka, anatutazama kama mtu aliyemaliza kulipa nadhiri. Wanawake wenye saa ya mkononi Mingoyo siku zile ungewahesabu kwa vidole, na vidole vikabaki. Nilipaswa kupiga vigelegele. Nilivipiga, kweli, kimoja. Cha pili hakikutoka, kwa sababu nilikuwa nimeshatupa jicho kwenye mkono wa Esha.

Yake ilikuwa kubwa. Sisemi ilionekana kubwa. Wakati ule sikujua kama kuna tofauti ya maneno hayo mawili. Uso mweupe ulienea mpaka kwenye ile pete ya kung'aa, na pete ikauendeleza, hukujua uso unaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Ukimwona Esha anatoka bombani unaiona saa kwanza, halafu ndoo, halafu Esha. Ya kwangu ilikuwa imejikunja. Uso mweusi, halafu pete nyeusi imeubana, halafu mkono wangu ambao nao ni mweusi tii, mkono wa jembe, mnene. Saa ikazama humo kama mbegu ya ubuyu kwenye matope. Nikaivaa juu ya kifundo, nikaivaa chini ya kifundo, nikaivaa mkono mwingine. Kifungo cha shati. Nikajiambia Somoe nyamaza, mbuzi wa zawadi hatazamwi meno. Nikanyamaza siku tisa, na kwangu mimi hizo ni nyingi.

Siku ya kumi tulikuwa bombani. Jirani yetu mmoja, Bi Tabu, ambaye hakuwa na mume hata mmoja wa kugawana lakini alijua ndoa za wote, akanishika mkono akaugeuza huku na huku. "Na hii nayo inasema saa?" Wanawake wakacheka. "Mwenzio kapewa ukuta, wewe umepewa dirisha." Nikamwambia zimelingana, mume wetu kaapa. Bi Tabu akawaambia wenzake, siyo mimi, "Mwanamume akiapa jambo ambalo hakuulizwa, jamani!" Nikatwika ndoo. Maji yalinimwagikia njia nzima, nikafika nyumbani nimelowa mpaka kiunoni, na ule mpunga niliokuwa nimeuchagua asubuhi kwa ajili ya zamu yangu nikaurudisha kwenye gunia.

Bakari alipokaa kula akaletewa sahani tupu. Akaitazama, akaifunua kawa mara ya pili, kama vile chakula kinaweza kujificha. "Mama, kuna nini?" Nikamwambia, "Umenipa kidogo, nakupa kidogo." Nikamwekea mkono wangu mbele ya pua. Akasema zimelingana wallahi. Nikamwambia usimtaje Mungu kwa kifungo cha shati. Nikamwambia mengine pia, yule mtoto wa watu, na hayo sitayaandika. Esha alikuwa uani na alisikia yote, ukuta ule ulikuwa wa udongo, na alichofanya ni kuvua saa yake na kuitundika kwenye msumari. Hilo likaniudhi zaidi. Nikaona anajua. Asingejua, angeivulia nini?

Bakari akatuchukua Lindi mjini kwa fundi saa, mzee Mfaume, mwenye kibanda karibu na soko na lile lenzi amelibana jichoni mchana kutwa, hata akikusalimia anakusalimia nalo. Fundi akatoa kipimo chake cha chuma chenye meno mawili kama ya kaa. Akaibana nyeupe, akasoma. Akaibana nyeusi, akasoma. "Hazipishani hata unywele," akasema. "Ni rangi tu, mama. Nyeusi hujikusanya." Nikamwambia, "Rangi ndiyo imekula chuma?" Akacheka, na mimi mtu akinicheka nikiwa na hasira huwa simsikii tena. Nikawaza huyu mzee amekula pilau kwetu Idi mbili mfululizo, atasema nini tofauti na mwenye pilau? Nikamtaka abadilishe ile pete nyeusi. Alikuwa na kopo la pete kuukuu, akachagua moja inayong'aa kama ya Esha, akaivisha saa yangu. Ah, ndiyo kabisa! Kwa nje ilinenepa kidogo, lakini ule uso mweusi katikati ukazidi kusinyaa, ukawa mdogo kuliko mwanzo, umezungukwa na kile chuma cheupe kama jicho la kuku aliyeshtuka. Bakari akauma mdomo asicheke. Nilimwona. Nikamwambia fundi rudisha ilivyokuwa, na njia nzima ya kurudi Mingoyo nilitazama nje.

Wiki ile nikasusa. Nikafunga nguo zangu, nikaenda kwetu Kilangala. Saa nilikwenda nayo, imeviringwa kwenye kitambaa, kama mtu anavyobeba ushahidi. Nilimwachia Bakari sharti moja kupitia kwa baba yangu mkubwa: aje mbele ya wazee aseme kwamba alimpendelea Esha, halafu nitarudi na sitalitaja tena mpaka kufa. Asiposema, aniache. Nililiona sharti dogo. Bakari alituma jibu, na baba mkubwa akanisomea bila kuinua macho: "Nikisema hilo nitakuwa nimeongopa. Nikiongopa ili abaki, atabaki na mwongo. Nitakuja Ijumaa baada ya swala. Akikubali nitarudi naye, akikataa nitamwachia talaka yake kwa heshima." Sasa hapo nataka mnielewe. Nilikuwa nampenda mwanamume yule. Nilipenda hata anavyokohoa. Kila asubuhi pale Kilangala niliamka nikasikiliza kama kuna mtu ataniuliza saa ngapi huko. Lakini nilikuwa nimeshasema mbele za watu, na mtu wa kwetu akishasema mbele za watu, maneno yale yanakuwa nyumba yake, lazima alale humo hata kama inavuja.

Alhamisi mchana nipo jikoni kwa mama nasonga ugali wa muhogo, nikasikia mlangoni, "Hodi humu." Niliijua sauti. Sikuitika. "Hodi huitikiwa karibu," ikasema ile sauti, "hata huku shamba." Esha akaingia, miguu yake nyekundu kwa vumbi, kikapu cha kusukia begani, saa yake nyeupe mkononi. Alikuwa amemuaga Bakari kwamba anakwenda kwao Pande kumtazama shangazi mgonjwa, akapanda gari la upande mwingine kabisa.

"Umekuja kunionyesha saa?" nikamuuliza.

"Nimekuja kula. Koroga huo, unashika mabonge."

"Hukunifundisha kusonga kwako, utanifundisha kwetu?"

"Ndiyo maana unashika mabonge." Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Ya kwako iko wapi? Ilete."

Sijui kwa nini niliinuka. Nafikiri ni kwa sababu yeye ndiye mtu pekee ambaye, mimi nikiondoka, angepata kila kitu: mume mzima, samaki mzima na macho yake mawili. Na amekuja kwa miguu kutoka barabarani kwenye jua la saa saba. Nikaleta. Esha akaupakua ugali kwenye sinia, akausawazisha kwa mwiko uliolowa mpaka ukawa kama sakafu, kisha akasema tungoje upoe. Tukangoja. Katika kungoja kule akatoa kwenye kikapu miyaa miwili, zile chane za ukindu za kusukia mkeka, mmoja mweupe, mmoja amekwisha kuuchemsha kwenye rangi nyeusi, akainyoosha juu ya goti lake kwa kuitenganisha kidogo.

"Upi mpana?"

"Mweupe. Unaniona kipofu?"

Akaulaza mweupe juu ya mweusi. Ukaufunika wote, haukubakia uzi huku wala huku. Akaitenganisha tena, na mimi na macho yangu haya nikauona mweupe unatanuka palepale na mweusi unapungua. Nikaishika mwenyewe. Nikaifunika, nikaifunua, mara nne, mara tano. Esha akasema, "Kila binti nikimfundisha kusuka, mkeka wake wa kwanza unapinda. Anaona mweusi mwembamba, basi anauchana mpana ili ulingane. Anafuata macho, mkeka unakwenda upande. Nampiga kofi la mkono, namwambia pima kwa kidole, jicho halisuki."

Ugali ulikuwa umepoa. Akababua kipande cha jani la mgomba motoni mpaka kikalainika, akakitandika juu ya ugali, akakunja mikanda ya saa kwa nyuma, akazikandamiza zote mbili kifudifudi, moja kwa kiganja hiki, moja kwa kiganja hiki, uzito uleule. Kama Bakari pale ukumbini. Akaziinua, akaondoa jani. Mashimo mawili, maduara mawili, safi. Kwenye ugali hakuna nyeupe wala nyeusi, ugali wote ni rangi moja. "Haya, mshitaki," akasema, "tia ya kwako kwenye shimo la kwangu." Nikaitia. Ikaingia, ikakaa, haikucheza. Nikatia ya kwake kwenye shimo langu. Ikakaa. Nilikaa pale nimechuchumaa mbele ya sinia, na jambo nililolihisi halikuwa furaha, ilikuwa ni aibu, imenipanda kutoka miguuni kama siafu. Mzee Mfaume na chuma chake sikumwamini. Bakari na kiapo chake sikumwamini. Niliuamini ugali, kwa sababu niliusonga mwenyewe.

"Sasa lete mkono," Esha akasema. Akanivisha ya kwake, akavaa ya kwangu. Kwangu ile nyeupe ikawaka kama taa. Lakini mimi sikuitazama hiyo, nilitazama mkono wake. Ule mkono mwembamba kama mwiko, wa maji ya kunde, na juu yake saa yangu nyeusi, kile kifungo cha shati, imekaa pana imejaa kutoka ukingo hadi ukingo, kila mstari wake unaonekana. Esha naye akaiona. Akaigeuza, akaisogeza mbali, akakunja uso.

"Kumbe ya kwako ndiyo kubwa!" akasema. "Basi na mimi nasusa. Nani atabaki kumpikia yule mzee?"

Tulicheka mpaka mama akaja kuchungulia. Nilicheka nikilia, kamasi mpaka kidevuni, si kitu cha kupendeza. Nilipotulia nikamwambia, "Kesho wazee watakuja. Nitasimama vipi mbele ya wanaume wote wale niseme nilikosea? Siwezi, Dada Esha. Nitafumbua mdomo, lakini hayatatoka." Hapo ndipo nilipomwita dada mara ya kwanza. Akajifanya hakusikia. Akaanza kumega ukingo wa ugali, upande usiokuwa na mashimo.

"Nani kakuambia useme?" akasema. "Wewe si mpishi? Pika."

Ijumaa walikuja watatu, Bakari na wazee wawili, wamevaa kanzu za swala. Bakari alikuwa amekonda. Alipomkuta Esha amekaa barazani kwetu Kilangala, akisuka, alisimama akamtazama muda mrefu. "Shangazi yako hajambo?" akamuuliza. Esha akasema, "Amepona ghafla." Wazee wakaketi, dua ikasomwa, baba mkubwa akakohoa ili aanze. Mimi nikatoka na sinia kabla hajaanza, maana mgeni hulishwa kwanza, hata aliyekuja na talaka mfukoni. Nikaiweka katikati, mboga ya kisamvu cha nazi pembeni, nikafunua kawa, nikarudi nyuma ya mlango. Mzee mmoja akatazama ugali. "Hee, huu umekanyagwa na nini?" Baba mkubwa akatazama, aibu ya jiko la kwake ikamshika. Bakari akasogea karibu na sinia. Alinyoosha mkono, akatia kidole gumba kwenye duara la kwanza, akazunguka nalo polepole. Akatia kwenye la pili, akazunguka. Nilikuwa nachungulia kwenye ufa wa mlango.

"Zimelingana," akasema.

"Zimelingana," nikasema nyuma ya mlango.

Wale wazee mpaka wanakufa hawakujua ndoa ile iliamuliwa saa ngapi na nani. Bakari akanawa, akasema bismillah, akamega pale katikati hasa, baina ya duara na duara, asije akaanza na la mtu.

Basi nilirudi Mingoyo na yale mabadiliko niliyoyataka niliyafanya mwenyewe. Nilipokwenda shambani nilivaa saa yangu juu ya kitambaa cheupe nilichokishona mkononi, ikaonekana vizuri tu, na Bi Tabu bombani akaniuliza kama nimenunuliwa nyingine. Nikamwambia ndiyo, kubwa zaidi. Nilijifunza kusuka kwa Esha. Mkeka wangu wa kwanza ulipinda, pamoja na yote niliyoyaona, na alinipiga kofi la mkono. Tulimzalia Bakari watoto wanane, watano kwangu na watatu kwake, na hapo haki ilimshinda. Alipofariki tulikaa eda pamoja, milango yetu inatazamana, tumevaa nyeupe, hatuna wa kumgombea. Esha alikuwa akiniuliza kutoka chumbani kwake, "Somoe, saa ngapi huko?" Siku moja katika zile nilimuuliza kitu nilichokuwa nimekitunza miaka yote: ile Alhamisi, kwa nini alinifuata? Angeniacha tu. Alimaliza kwanza msuko aliokuwa nao. "Ulikuwa unaniachia jicho la samaki la upande mbaya," akasema, "lakini ulikuwa unanichekesha. Uliondoka, nikawa nina saa na sina wa kumuuliza."

Baadaye miguu yake ilikataa, Mwajuma akamchukua Kilwa Masoko awe karibu naye. Wajukuu wakatununulia simu. Alikuwa akipiga baada ya alasiri, sisi wawili tunasikilizana vibaya, mimi nimeziba sikio jingine, na kila mara alianza na lilelile, saa ngapi huko. Nami natazama hii nyeusi, namwambia. Anasema, huku pia. Mara ya mwisho alipopiga sauti ilikuwa ndogo sana, nikadhani ni simu.

Leo, siku ya pili, Mwajuma ameondoka na gari la mchana. Saa mbili ziko hapa kwenye mkeka, ule mkeka aliousuka yeye, mweupe na mweusi, haujapinda popote. Nasra ametoka kazini na sare yake, ameleta rula ya mtoto wa jirani, anataka kunihakikishia. "Bibi, ngoja nikupimie uone zilivyo sawasawa." Nikamshika mkono. Nilibishana habari hii nikiwa na miaka kumi na tisa, nikabishana na mume, na fundi, na ukoo mzima, na nilikuwa na haja ya kulingana. Sasa sina. Nimezitazama mpaka jua limehama ukutani, na ya Esha ni kubwa.

"Iache," nikamwambia. "Hiyo ni kubwa. Ni ya mwenzangu."